Kumfahamu Mjumbe wa Bodi ya Maktaba ya Umma Nchini Marekani

Wengi wetu tunaoishi Marekani tunaijua maktaba kupitia wahudumu wa kaunta, ilhali mara nyingi sera zake, bajeti yake na ajira ya mkurugenzi wake viko mikononi mwa bodi, ambayo wajumbe wake ni wakazi wa eneo hilo na kwa kawaida hawalipwi mshahara. Mahali pengine huteuliwa na meya au na viongozi wa kaunti. Kwingine, kama katika wilaya za maktaba (maeneo yaliyoundwa kisheria kuendesha maktaba) za jimbo la Illinois, huchaguliwa kwa kura.

Kabla ya kumtafuta mjumbe, hakikisha jambo lako ni la bodi. Hawezi kumwagiza mkutubi anunue kitabu fulani cha Kiswahili. Ombi hilo mpelekee mkutubi mwenyewe. Lakini ikiwa ndugu yako aliyewasili juzi amenyimwa kadi kwa sababu bili zote za nyumba zina jina la shemeji yake, hilo ni suala la sera ya uthibitisho wa makazi, na hapo mjumbe ndiye mtu wako.

Mahali pazuri pa kukutana naye ni kikaoni, kwa kuwa sheria za majimbo huvifanya vikao hivyo kuwa wazi kwa umma. Soma kwanza kumbukumbu za vikao viwili vitatu vilivyopita, uone ni nani huuliza maswali yanayokaribiana na lako. Fika mapema ujiandikishe kuzungumza, maana muda unaotolewa mara nyingi ni dakika 3 tu, na salamu zetu zile za kuanzia meza kuu hadi wageni waalikwa zinaweza kuzimaliza zote. Sema "itifaki imezingatiwa" moyoni, kisha utaje jina lako, mtaa unaoishi na jambo moja unaloomba.

Wajumbe wakikaa kimya baada ya wewe kusema, usidhani ni dharau, kwani katika baadhi ya majimbo hawaruhusiwi kujadili wala kuamua jambo lisilokuwamo kwenye ajenda. Kikao kikiisha, msogelee yule uliyemkusudia, umsalimu, na umuulize jambo lako litaingiaje kwenye ajenda.

Ukimwandikia barua pepe, mwandikie yeye peke yake au mtumie mwenyekiti, kwa sababu wajumbe wanaofikia akidi, yaani idadi inayotosha kufanya kikao halali, wakianza kujibizana humo wanaweza kuvunja sheria ya vikao vya wazi. Zaidi ya hayo, barua hiyo inaweza kuhesabiwa kuwa kumbukumbu ya umma ambayo mtu yeyote anaweza kuomba kuisoma, hivyo habari za hati za uhamiaji za ndugu yako zisiandikwe humo kabisa. Inatosha kusema kwamba wakazi wapya wanaoishi na jamaa zao hawana bili yenye majina yao, na kuuliza kama barua kutoka shuleni kwa mtoto ingekubaliwa badala yake.