Kabla hujachimba udongo kutafuta maikroplastiki

Watu wakisikia kupima plastiki kwenye udongo wanawaza mashine za maabara, kumbe kazi inaharibikaga shambani, sampuli haijapanda hata gari. Tunatafuta vipande vya chini ya milimita 5, vingine huvioni kwa macho, na we mwenyewe umevaa polista na umebeba ndoo ya plastiki, sasa utajuaje kipi cha shamba kipi cha kwako?

Kwa hiyo chepe liwe la chuma, nguo za pamba, udongo uingie kwenye chupa ya glasi au foili, rambo hapana kabisa. Halafu beba chupa ya glasi tupu, iache wazi pembeni wakati unachimba na ipitishe hatua zote kama sampuli zingine, ukikuta nyuzi humo basi hata kwenye hesabu ya shamba zimo. Wengi wanairuka hii sijui kwa nini, haina gharama.

Mwenye shamba muulize mapema: alishatandaza nailoni ya kuzuia magugu? mbolea ilitoka dampo? Barabara ikiwa karibu kuna vumbi la matairi pia. Na asikwambie mifuko ilishapigwa marufuku, Tanzania ni Juni 2019, ya nyuma bado imo ardhini inakatikakatika.

Chumvi ndo inachanganya watu. Udongo unaukausha taratibu, nyuzijoto 40 hivi, unachekecha, unautia kwenye maji ya chumvi plastiki ielee. Sasa chumvi ya kawaida hata ukiijaza mpaka igome kuyeyuka maji yake yanafika uzito wa gramu 1.2 kwa mililita, plastiki ya mifuko inaelea ila ya chupa za maji, PET, ni kama 1.38, inazama na wewe unaandika hakuna. Ukiitaka hiyo tafuta chumvi ya zinki kloraidi, maji yake ni mazito zaidi, ila ni ghali na ni sumu, usiimwage kwenye sinki. Mizizi na majani yanaliwa na haidrojeni peroksaidi, moto usizidi.

Hadubini peke yake inadanganya, uzi wa pamba na wa polista unafanana, kwa hiyo omba mapema nafasi ya FTIR, mashine ya maabara inayotambua aina ya plastiki. Hiyo inakupa idadi kwa kilo ya udongo mkavu, sio uzito, aliyepima uzito usijilinganishe naye.

Na kabla ya yote fanya jaribio moja, tia vipande 20 vya plastiki ya rangi kwenye udongo msafi upitishe hatua zote, vikirudi 11 usiguse sampuli za shamba kwanza, tafuta tisa vimepotelea wapi.