Peni Ipi kwa Karatasi Ipi, na la Kufanya Ikigoma

Peni nyingi zinazotupwa ofisini bado zina wino. Inua moja dhidi ya mwanga utaona: mrija umejaa hadi nusu, lakini ukiandika haitoi kitu. Kilichogoma si wino, ni gololi.

Kwenye ncha ya peni ya kawaida, ile ambayo Tanzania wengi huiita bik na Kenya biro, kuna kigololi cha kabaidi ya tangsteni, mchanganyiko mgumu sana wa metali na kaboni. Kipenyo chake ni milimita 1 kwa peni ya mwandiko wa kati, na 0.8 au 0.7 kwa ile nyembamba. Kikisuguana na karatasi kinazunguka, kinachota wino mzito wa mafuta upande wa juu na kuupaka upande wa chini. Ndiyo maana peni hukataa ghafla pale ulipoweka kiganja chenye losheni, au vidole vilivyotoka kushika mandazi: karatasi imeshika mafuta, gololi inateleza badala ya kuzunguka. Usiilaumu peni. Weka kipande cha karatasi safi chini ya mkono wako na uendelee. Peni pia haiandiki vizuri ukiwa umeibana karatasi ukutani. Wino unashuka kwa uzito wake, na ncha ikitazama juu unarudi nyuma hadi gololi inakauka.

Kuna na kitundu kidogo ubavuni mwa bik. Hicho huingiza hewa ili wino ushuke. Watoto wa shule hupenda kuzungushia jina kwa gundi ya selotepu, wanakiziba, kisha wanalalamika kwamba wino unakatika. Kitundu cha kwenye kofia ni habari nyingine: kimewekwa ili mtoto akimeza kofia hewa iendelee kupita. Hakihusiani na kukausha wino.

Sasa kuchagua. Watu huchagua peni kwa rangi na bei, wakati linalopaswa kuamua ni karatasi.

Kitabu cha risiti chenye kaboni kinataka peni ya gololi ya mafuta, milimita 1, na mkono wa kugandamiza. Peni ya jeli, yenye wino wa maji uliofanywa mzito, huandika bila kubonyezwa, kwa hiyo nakala ya juu itapendeza na ya tatu itakuwa tupu. Andika kitabu kikiwa juu ya meza ngumu, na ingiza kadi ngumu chini ya nakala ya mwisho. Usipofanya hivyo, risiti ya mteja huyu itajichapa kwenye risiti ya mteja anayefuata.

Risiti za mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, zina karatasi laini yenye dawa inayobadilika rangi kwa joto. Jeli hukaa juu bila kunywewa, ukipitisha kidole inapakaa. Tumia bik. Na kama risiti hiyo ni ya kudai marejesho, itoe fotokopi mapema, maana maandishi ya mashine yenyewe yatafifia kabla ya wino wako.

Daftari za karatasi nyepesi zinanywa. Peni za wino wa majimaji, kama Pilot V5 yenye ncha ya milimita 0.5, ni tamu mkononi lakini kwenye daftari hizo wino hutambaa na kutokea upande wa pili. Ziweke kwa karatasi nzito ya printa. Anayeandika kwa mkono wa kushoto naye aziepuke, pamoja na jeli nyingi, kwa sababu kiganja chake kinapita juu ya neno kabla halijakauka.

Hundi, mikataba na hati ni mahali pa kuwa mkali. Wino wa bik nyingi ni rangi iliyoyeyushwa, na tapeli mwenye kemikali anaweza kuuosha. Wino wa jeli wenye chembe za rangi, kama wa uni-ball Signo 207, huingia kwenye nyuzi za karatasi na kung'ang'ania. Ukinunua kwa ajili ya ofisi, tafuta namba kwenye boksi: ISO 12757-2 kwa peni ya gololi ya mafuta, ISO 14145-2 kwa ya majimaji, ISO 27668-2 kwa jeli. Mkia huo wa "-2" ndio unaosema peni inafaa kwa nyaraka za kudumu. Kama boksi halipo, jaribu mwenyewe: andika mstari, subiri dakika tano, dondosha maji kwenye nusu moja na spiriti kwenye nusu nyingine. Ukiyeyuka na kutambaa, usisainie kitu cha maana.

Adui mkubwa wa saini siku hizi ni peni inayofutika kwa kusuguliwa, kama Pilot FriXion. Haifuti kwa kukwangua; joto la msuguano, kiasi cha nyuzi 60 za Selsiasi, huufanya wino upoteze rangi. Fomu uliyoisaini kwa peni hiyo ukaiacha juu ya dashibodi ya gari lililoegeshwa juani Dar es Salaam inaweza kurudi nyeupe. Mashine ya lamineti itaifuta kwa sekunde chache. Yakikukuta, ifunge karatasi kwenye mfuko wa plastiki na uiweke kwenye friza. Baridi ya nyuzi 10 hadi 20 chini ya sifuri hurudisha maandishi, japo huenda yakawa hafifu. Kwa ratiba na rasimu ni peni nzuri sana. Kwa mkataba, hapana.

Mitihani ya NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, yenyewe inasema: wino wa bluu au mweusi, michoro kwa penseli. Nenda na peni mbili ulizokwisha kuziandikia ukurasa mzima. Peni mpya kabisa mara nyingi huanza kwa kukatakata.

Ukinunua mrija wa kubadilisha, angalia hili. Mrija wa aina ya Parker, urefu wa takriban milimita 98, huitwa G2 kwa lugha ya viwanda. Peni ya Pilot G2 ni kitu tofauti, mrija wake ni mrefu zaidi na hauingiliani. Duka la steshenari litakuuzia wowote ukisema "G2", kwa hiyo nenda na mrija wa zamani mkononi.

Peni ikigoma, fuata mpangilio huu, na usiruke hatua:

1. Futa ncha kwa kitambaa chenye tone la spiriti. Nyuzi za karatasi na vumbi hujikusanya pale kama utandu.
2. Chora miduara midogo 15 hadi 20 kwenye karatasi yenye ukwaru. Soli ya raba nayo inafaa.
3. Ikigoma bado, chovya ncha tu kwenye maji ya moto yasiyochemka kwa sekunde 30 hadi 60, ikaushe, rudia miduara. Wino uliogandana unalainika.
4. Ukiona pengo la hewa katikati ya mrija, jambo la kawaida kwa jeli iliyoanguka, funga kofia, funga peni imara kwenye kamba yenye urefu wa mkono, ncha ikitazama nje, uizungushe kama kombeo mara 20. Fanyia uani, si karibu na kioo wala mtu.
5. Ikiandika mistari miwili sambamba au ikivuja, imeangukia ncha na kikombe cha gololi kimepinda. Hiyo tupa.

Kiberiti usikiguse. Plastiki huyeyuka, na wino ukichemka hutoka kwa kuruka. Kupuliza mrija kwa mdomo nako mwisho wake ni meno ya bluu.

Kalamu ya nibu ina masharti machache: wino wake maalumu, kama Quink, kamwe si wino wa mhuri, na suuza kwa maji baridi kila unapobadilisha rangi hadi maji yatoke meupe. Ukipanda nayo kutoka Mombasa hadi Nairobi, iweke nibu juu. Hewa iliyo ndani hutanuka kadiri unavyopanda, na nibu ikitazama chini itasukuma wino mfukoni.

Maka peni za ubao mweupe zilaze, usizisimamishe. Mtu akiandika kwa maka ya kudumu kwa bahati mbaya, pitisha ya ubao juu ya maandishi yale yale kisha futa haraka; kiyeyushi chake kinayalainisha yote mawili.

Na shati likishapata doa la bik, kabla ya sabuni na pasi, weka kitambaa cheupe chini ya doa, dondosha spiriti kwa juu, gandamiza kwa pamba bila kusugua, ukisogeza kitambaa cha chini kila kinapoloa. Jaribu kwanza kwenye pindo la ndani. Doa la jeli yenye chembe kwa kawaida halitoki lote.