Kufunga ekzosi fupi kwenye BMW R1200GS

Kwanza jua pikipiki yako ya GS ni ya mwaka gani. Za 2004 hadi 2012, zinazopozwa kwa hewa na oili, sailensa (kopo la mwisho la ekzosi linalopunguza sauti) iko kushoto. Toleo linalopozwa kwa maji, lililoanza 2013, limeihamishia kulia, na shafti ya gurudumu la nyuma ikaenda kushoto. Sailensa ya toleo moja haiingii kwenye lingine, hata muuzaji akikuapia.

Nunua sailensa iliyotengenezwa fupi. Ukikata ya kiwandani kwa grainda unafungua vyumba vya ndani vinavyomeza sauti. Utabaki na makelele tu.

Kazi ifanyike ekzosi ikiwa baridi kabisa. Usiku wa kuamkia, pulizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye klampu, ile pete inayobana sailensa kwenye bomba. Kesho yake toa sanduku la mizigo la upande wa ekzosi, legeza klampu, kisha toa bolti ya kishikio kinachobeba sailensa, huku mkono mmoja umeishika. Ivute ukiizungusha kushoto na kulia. Ikigoma, igonge kwa nyundo ya mpira. Nyundo ya chuma hubonyeza bomba, na bomba lililobonyea halizibi tena.

Maungio hayo ya bomba na sailensa ndiyo yanayosumbua wengi. Safisha ncha ya bomba kwa msasa laini mpaka masizi yaishe, kagua gasketi kama ipo, kisha ingiza sailensa mpya kwa mkono. Ikicheza, usitegemee klampu izibe pengo: tafuta pete ya kujazia ya chuma kisichoshika kutu. Upenyo ukibaki, kila unapoachia mafuta ekzosi huvuta hewa ya nje, petroli isiyoungua inashika moto humo ndani, na unasikia pa! pa! pa! Watu hukimbilia kubadili programu ya injini, kumbe ni klampu.

Funga kila kitu kwa vidole kwanza. Bolti ya kishikio iingie yenyewe. Ukilazimika kuisukuma sailensa kwa goti ili matundu yalingane, chuma kimekaa kwa mkazo na kitapasuka kwenye barabara ya makorogesheni. Sasa rudisha sanduku kabla ya kukaza. Bomba fupi mara nyingi huishia chini ya sanduku badala ya nyuma yake, na moshi wa moto huyeyusha plastiki. Acha nafasi ya sentimita 2 au zaidi, mdomo uelekee nje. Ukikosa, weka bamba la kukinga joto.

Kaza klampu, halafu kishikio. Bolti ya M8 (unene wa milimita 8) kwa kawaida hutaka nguvu ya kukaza ya Nm (nyutoni mita) 20 hivi, lakini fuata karatasi ya mtengenezaji. Futa alama za vidole kwa spiriti, maana zikiungua hazitoki.

Washa injini na uzibe mdomo wa ekzosi sekunde moja kwa kitambaa kinene: ukisikia fyuu kwenye maungio, panavuja. Zima, subiri ipoe, kaza tena. Rudia baada ya kilomita 100.

Kichujio cha sumu na sensa za oksijeni viko mbele ya sailensa, kwa hiyo kompyuta ya injini haihitaji kuguswa. Na kama yako ina vali ya ekzosi yenye mota, usikate waya wake, taa ya injini itawaka.