Finchi milia wa tundu: uchumba, mayai, na wakati wa kuwazuia

Finchi milia, ndege mdogo anayekula mbegu, asili yake ni Australia, kwenye nchi kavu ambako mvua haina ratiba. Huko huzaa mvua ikinyesha na nyasi zikitoa mbegu, kisha hupumzika ukame ukirudi. Ukimweka barazani Nakuru au Kisumu, anapata takriban saa 12 za mwanga mwezi baada ya mwezi, wimbi kila asubuhi na maji yasiyokauka. Kwake hiyo ni mvua isiyokatika. Atataga, ataangua, atataga tena hadi jike aishiwe nguvu afe. Basi mfugaji ana kazi mbili: kuwaacha wachaguane vizuri, na kuwaletea ukame kwa mkono wake.

Nunua ndege waliozaliwa kwenye tundu. Wale wadogo wa shambani wanaokula mbegu za nyasi usiwatege. Ndege wa porini wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, na kwa jambo la kibali uliza ofisi ya KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) iliyo karibu nawe. Dume wa rangi ya kawaida ana mashavu ya chungwa, milia myembamba kooni na ubavu wa hudhurungi wenye madoa meupe. Jike hana hayo. Kwa weupe watupu tazama mdomo: wa dume ni mwekundu uliokolea, wa jike umefifia kuelekea chungwa.

Usiwape kiota kabla hawajafika miezi 6, na 9 ni bora. Wanaweza kuzaa wakiwa na miezi 3, na hapo ndipo wengi hupoteza majike, kwa sababu mwili mchanga husukuma yai kwa shida na yai hukwama.

Tundu la jozi moja liwe na urefu wa futi 3, kina na kimo cha futi moja na nusu, na matundu ya waya yasizidi nusu inchi. Waya mpya wa mabati uusugue kwa siki na uusuuze, maana zinki yake huwadhuru wakiutafuna. Miguu ya meza isimamishe kwenye makopo yenye maji na mafuta kidogo ya kupikia. Siafu wakipata njia usiku mmoja tu, asubuhi hukuti kinda. Nakuru shida ni baridi ya usiku, kwa hiyo funika pande tatu kwa shuka. Kisumu shida ni joto la bati mchana: tundu likae chini, mbali na paa, penye hewa. Kokote uliko, usiliweke karibu na jiko la makaa.

Sasa uchumba wenyewe, ambao watu huupita haraka mno. Dume hutua kwenye kijiti alichokaa jike, hufuta mdomo upande huu na huu, kisha humsogelea kwa vihatua vya kurukaruka, kichwa na mkia vikigeukia kwa jike, manyoya ya mashavu yamefutuka. Sikiliza na wimbo. Akiimba peke yake hulegalega. Akimwimbia jike huenda kasi kidogo na mpangilio haubadiliki. Jike aliyekubali huruka naye kijiti kwa kijiti, naye anafuta mdomo, mwishowe huinama na kutetemesha mkia haraka haraka. Kupandana ni suala la sekunde chache.

Hata hivyo, kupandana peke yake si uthibitisho wa ndoa. Tazama saa za kulala. Jozi iliyoshikana hukaa imegusana mabega, mmoja anainamisha kichwa na mwenzake anamchambua manyoya ya shingoni, pale ambapo mdomo wake mwenyewe haufiki. Mmoja akipotea machoni, mwingine huita. Jike anayehama kijiti kila wimbo ukianza, au anayempiga dume mdomo, hajakubali; baada ya wiki 2 bila mabadiliko, mtafutie mwingine.

Ukiweza, usiwachagulie kabisa. Weka madume 3 na majike 3 kwenye tundu kubwa lisilo na kiota, uone nani analala na nani. Watafiti wa taasisi ya Max Planck huko Ujerumani walilinganisha jozi zilizochaguana na zilizolazimishwa, na mwaka 2015 wakaeleza kwamba zilizochaguana zilifanikiwa kulea watoto zaidi kwa asilimia 37.

Jozi ikishikana, hamishia kwenye tundu lake na utundike kisanduku cha mbao cha inchi 5 kila upande, nusu ya juu ya mbele ikiwa wazi. Wape nyasi laini kavu za urefu wa kidole. Usiwape uzi, pamba wala mabaki ya nywele za bandia za saluni. Huzunguka mguu wa kinda hadi ukafa ganzi na kukatika. Yai la kwanza likionekana, ondoa nyasi zote zilizobaki sakafuni. Ukiziacha, dume ataendelea kujenga juu ya mayai, jike atataga juu ya tabaka jipya, na ya chini yatapoa.

Wiki 2 kabla ya kiota anza chakula cha uzazi: wimbi na mawele kama kawaida, sukuma wiki iliyokatwakatwa, na kijiko kimoja cha chai cha yai la kuchemsha lililopondwa. Kisumu liondoe likishakaa muda wa saa 2, linachacha. Sukuma wiki ni afadhali kuliko spinachi, ambayo huzuia kalisi isitumike mwilini. Maganda ya mayai chemsha dakika 10, kausha, twanga, weka kwenye kisahani chake. Parachichi hata punje usiwape, ni sumu kwao.

Jike hutaga yai moja kwa siku, kwa kawaida 4 hadi 6. Akijifutua manyoya, akakaa sakafuni miguu imepanuka na anajikamua, yai limekwama. Mweke kwenye boksi lenye joto la nyuzi 30 hivi, chupa ya maji moto iliyofungwa kitambaa pembeni, maji ya kunywa karibu, na mpigie daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Usimminye tumbo, yai likipasukia ndani humpati tena.

Kuatamia huanza kwa dhati karibu na yai la nne, wazazi wakipokezana, na mayai huanguliwa baada ya siku 12 hadi 14. Siku ya 6 mulika kwa tochi ya simu: mishipa myekundu ikionekana, kuna kinda. Mulika mara moja tu.

Makinda wakianguliwa, yai la kuchemsha liwe mara mbili kwa siku. Kinda aliyeshiba ana mbegu zinazoonekana kupitia ngozi ya shingo. Ukikuta makinda hai wametupwa sakafuni, chunguza mambo matatu: chakula laini kimepungua, mtu anachungulia kiota mara kwa mara, au dume ameshaanza kubembeleza upya. Hutoka kiotani siku ya 18 hadi 21, na hujilisha wakifika siku 35. Madume wachanga waache wasikie baba yao hadi miezi 2 au zaidi, kwa sababu wimbo hujifunza kwake. Wakikosa mwalimu watakuwa na wimbo uliovurugika maisha yote.

Baada ya vizazi 2, vitatu vikizidi, toa kisanduku, acha kuwapa yai la kuchemsha, punguza mboga, ubaki na wimbi na maji kwa miezi 4 angalau. Jike akianza kutaga kwenye kisahani cha chakula, tenga dume kwenye tundu la pembeni ambako wanasikiana lakini hawafikiani.