SOMO: Kompyuta ina HDMI, monita ina VGA. Soma matundu kabla ya kununua adapta

Ukizunguka soko la Mwanjelwa, Mbeya, kutafuta monita ya mtumba, utakutana na VGA tele, wakati laptopu unayoichomeka ina HDMI peke yake. Hizi ni aina mbili tofauti za matundu ya kupitishia picha. Hapo ndipo wengi wanapoteza hela.

Hatua ya 1. Geuza monita, tazama matundu. VGA ina pini 15 kwa safu tatu, na skrubu pembeni. HDMI ni bapa, kona zake mbili za chini zimebanwa. DisplayPort inafanana nayo, ila imekatwa kona moja tu. DVI ni ile pana. Kagua upande wenye kipini bapa: kikizungukwa na pini nne ni DVI-I, inapitisha hata analojia, yaani mawimbi ya aina ya VGA. Zisipokuwepo ni DVI-D, na kiadapta cha bei rahisi cha VGA hakitafaa kitu.

Hatua ya 2. Kompyuta ya mezani yenye kadi ya grafiki, chomeka kwenye kadi, si kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta).

Hatua ya 3, na hii naomba uishike: adapta ina mwelekeo. Anza kusoma kwenye kompyuta, malizia kwenye monita. VGA ya mwaka 1987 ni analojia, HDMI ni dijitali, kwa hiyo katikati lazima pawe na chipu ya kubadilisha. Waya mtupu wenye HDMI huku na VGA kule usiununue. Kutoka DisplayPort kwenda HDMI ni rahisi zaidi, ilimradi tundu la kompyuta liwe na alama ya DP++, yaani DisplayPort (DP) inayoweza kutoa pia HDMI.

MASWALI

Mwalimu, shikamoo. Projekta ya shule ni VGA, laptopu HDMI. Nimenunua adapta iliyoandikwa "VGA to HDMI", picha haiji.
— Marahaba. Hiyo inatoka VGA kwenda HDMI, wewe unahitaji ya kinyume chake. Irudishe dukani. Chagua yenye tundu la spika, maana VGA haibebi sauti.

Kaka, laptopu yangu ina USB-C lakini haitoi picha. Ninunue adapta ya bei kubwa?
— Hapana. Si kila USB-C inatoa picha. Tafuta alama ya DP au ya radi pembeni ya tundu, au soma maelezo ya modeli yako. Kama haina uwezo huo, adapta ya kawaida haitakusaidia.

Nipo Iringa. Monita ya 4K inaonyesha, ila kishale cha mausi kinakwamakwama.
— Angalia mipangilio ya skrini. Ukikuta hezi 30 (picha 30 kwa sekunde), huenda kompyuta ina HDMI 1.4, toleo la zamani, ambayo kwa 4K inaishia hapo. Jaribu DisplayPort kama ipo, au shusha ubora wa picha kutoka 4K hadi 1080p upate hezi 60.