Kanuni za vitendo: kumrudisha mteja bila kumfukuza mwingine

Ukiipa kompyuta data ya mauzo, itakutolea kanuni kibao za namna hii: "Mama lishe wa Tandika anayekuja kuchukua mtungi wa gesi mwenyewe huhamia duka lingine." Sawa, sasa ufanye nini? Hapo ndipo zinapoingia kanuni za vitendo, yaani zinazokuambia ubadilishe nini ili mteja atoke kuhama kwenda kubaki, wazo lililoletwa na Zbigniew Raś na Alicja Wieczorkowska mwaka 2000. Tutumie duka la gesi la mfano. Takwimu zote ni za kujifunzia, na Excel inatosha.

1. Panga jedwali

Mteja mmoja, mstari mmoja. Kolamu A mtaa, B aina ya mteja (mama lishe, mpangaji), C mtungi, D anachukua au anapelekewa, E bei, F amebaki au amehama. Amua mapema "amehama" ni nani: mtungi wa kilo 6 unaisha upesi kuliko wa kilo 15, usiwapimie wenye nayo muda mmoja. Majina na namba za simu viondoe. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na kwenye hesabu hii havikusaidii kitu.

2. Tenga kinachobadilika na kisichobadilika

Mtaa na aina ya mteja huviwezi. Usafirishaji na bei viko mikononi mwako. Mtungi mimi nauweka kwenye visivyobadilika, maana kununua mtungi mwingine si hela ndogo. Ukiruka hatua hii utaletewa ushauri wa kumhamishia mteja Sinza.

3. Hesabu, kisha oanisha

=COUNTIFS(A:A,"Tandika",B:B,"mama lishe",D:D,"anachukua",F:F,"amehama")

Tuseme inakupa 30, na ukiondoa sharti la F unapata 40. Basi ni 30 kati ya 40: uhakika wa kanuni ni 0.75. Wanaopelekewa, waliobaki ni 36 kati ya 45: uhakika 0.8. Kanuni hizi mbili zinafanana kwa visivyobadilika na zinatofautiana kwenye usafirishaji tu, kwa hiyo zinaungana: mama lishe wa Tandika, toka kuchukua kwenda kupelekewa, atatoka kuhama kwenda kubaki. Uhakika wake ni 0.75 × 0.8, yaani 0.6. Kanuni inayosimama juu ya watu watatu wanne itupe, hata iwe na uhakika wa 1.

Kwa wale 40, 0.6 ni watu 24 wanaookolewa. Usishangilie bado. Kumi walikuwa wanabaki hata bila kupelekewa, na kwa uhakika wa 0.8 wawili kati yao watapotea. Faida halisi ni 22.

4. Jiulize mkono gani unabadilisha hiyo seli

Hapa ndipo wengi wanakwenda kichwa kichwa. "Anachukua" haijigeuzi kuwa "anapelekewa"; kuna bodaboda wa kulipwa. Tuseme unapandisha bei kidogo kwa wote ili upeleke bure. Kitendo hicho kimegusa kolamu mbili: D kwa mama lishe, E kwa kila mtu.

Basi chuja E. Wapangaji wa mtungi wa kilo 6 wanaolipa bei ya kawaida, 80 kati ya 100 wamebaki. Wenzao waliowahi kutozwa bei ya juu, 33 kati ya 60 tu, sawa na 55 kwa kila 100. Umepata 22, umepoteza 25. Pima pia kwa shilingi, kwa sababu faida ya kilo 15 na ya kilo 6 haziko sawa.

5. Punguza eneo la kitendo

Kabla ya kuitupa kanuni, tafuta kitendo kingine kinachofika palepale. Kwa mfano, mizunguko miwili ya bodaboda kwa siku, kwa mama lishe tu, nauli wakichangiana, bei ya dukani isiguswe. Andika kwa kila kitendo kolamu zinazoguswa na makundi yanayoguswa, kisha weka kikomo: kikivuka wateja watano wanaopotea, hapana.

6. Jaribu kwa kura

Data ya zamani haithibitishi kuwa kupelekewa ndiko kulikowabakiza. Huenda wanaopelekewa ni wale wenye biashara iliyosimama. Piga kura ya bahati nasibu, nusu ya mama lishe wapelekewe, nusu waendelee kama kawaida. Linganisha F za makundi yote mawili, na uangalie pia mauzo ya viberiti, mipira ya gesi na vichwa vya jiko: asiyefika dukani havinunui.