Bunduki ya mezani: kuifanya ipige palepale tangu asubuhi hadi jioni

Naishi Ohio, kazi yangu ni kukereza vyuma, na jamaa zangu wa Eldoret bado hawaelewi kwa nini mtu mzima anaketi kwenye meza ya zege, anaegemeza bunduki juu ya mifuko ya mchanga, halafu anapiga karatasi iliyo yadi 100 mbele yake. Huniuliza swala wako wapi. Hakuna swala. Huu ni mchezo wa kulenga shabaha uitwao benchrest. Kuna matundu matano, na kazi yako ni kuyafanya yaingiliane mpaka yaonekane kama tundu moja. Mwaka 1973 Mmarekani Mac McMillan alipiga kundi la inchi 0.009 (yaani umbali kati ya matundu mawili yaliyo mbali zaidi, katikati hadi katikati), na rekodi hiyo ilidumu miaka 40. Sisi wa kawaida, ukimaliza siku na wastani ulio chini ya inchi 0.2 una ruhusa ya kujigamba hadi wikendi ijayo.

Neno lenyewe ni hilo: wastani. Kuna raundi ya kupasha moto isiyohesabiwa, kisha shabaha tano, risasi tano kwa kila shabaha, dakika saba kila raundi. Makundi manne mazuri na moja bovu ni siku iliyoharibika. Wapo wengi wanaopiga kundi la ajabu saa mbili asubuhi, na ikifika saa nane mchana wanalaumu mtutu. Mtutu ni uleule. Kilichobadilika ni baruti, hewa, uchafu ndani ya mtutu na mchanga ulio chini ya kitako.

Anza na mifuko, maana ndiyo inayosahaulika. Asubuhi kuna umande, ngozi ya mfuko wa nyuma inanasa kitako, na bunduki hairudi nyuma vilevile kila risasi. Paka poda ya watoto kwenye masikio ya mfuko. Kisha, bolti (chuma kinachofunga nyuma ya mtutu) ikiwa nje, angalia kwenye darubini na uisukume bunduki mbele na nyuma kwa vidole viwili. Alama ya msalaba ipande na kushuka wima juu ya karatasi. Ikienda upande, sogeza mfuko, usisogeze bunduki. Rudia jaribio hili kila raundi, kwa sababu mchanga hushuka kadiri unavyopigwa. Kaza pia skrubu za vishikizo vya darubini kabla ya raundi ya kwanza, na hakikisha miguu ya stendi ya mbele imetulia juu ya zege. Hayo ni dakika mbili.

Sasa usafishaji. Mimi husafisha baada ya kila shabaha, wenzangu wengine baada ya mbili. Chagua moja na uishike siku nzima, maana mtutu uliochafuka kwa risasi nane na uliochafuka kwa risasi thelathini haupigi sawa. Fimbo iwe ya kipande kimoja, na usiiingize bila bomba la kuiongoza kutoka upande wa chemba (nyuma ya mtutu, risasi inapokaa), la sivyo utaukwaruza mwanzo wa mifereji ya ndani ya mtutu inayozungusha risasi, mahali ambapo kichwa cha risasi hushika kwanza. Pitisha vitambaa viwili vyenye dawa, kisha brashi ya shaba, kwenda na kurudi mara kumi hivi. Brashi itoke yote mdomoni kabla ya kuirudisha. Usibadili mwelekeo ikiwa katikati ya mtutu. Mimi huifungua ikishatoka, nikaivuta fimbo tupu, kwa sababu mdomo wa mtutu ndio mguso wa mwisho wa risasi na sipendi chuma kirudi juu yake. Malizia na vitambaa vyenye dawa, kisha vikavu.

Hatua inayorukwa ni chemba. Dawa ikibaki humo, ganda linateleza badala ya kushika kuta, na nguvu yote inasukuma bolti. Funga kitambaa kikavu kwenye kijiti, kausha chemba na kule bolti inakofungia. Kisha tia grisi nyuma ya meno ya bolti, kiasi cha punje ya mchele, basi. Nimeona bolti zimepakwa grisi hadi inachuruzika kwenye triga, na triga hizi za aunsi mbili hazivumilii uchafu hata kidogo.

Mtutu safi haupigi mahali pamoja na mtutu uliotumika. Ndiyo maana chini ya karatasi ya mashindano kuna shabaha ya majaribio, ambayo unaipiga upendavyo ndani ya dakika zako saba. Risasi mbili au tatu za kwanza ni za kuuchafua mtutu tena. Usizisome, usirekebishe darubini kwa sababu yake. Inayofuata ndiyo uanze kuisikiliza.

Tukija kwenye baruti, hapo ndipo unaposhinda au kushindwa siku hiyo. Wengi wetu tunatumia 6mm PPC, risasi fupi nene waliyoibuni Lou Palmisano na Ferris Pindell miaka ya 1970 kutokana na .220 Russian. Hatuji na risasi zilizojazwa nyumbani. Tunajaza palepale uwanjani, kati ya raundi na raundi, kwa maganda yaleyale ishirini hivi yanayozunguka siku nzima. Sababu ni kwamba baruti hubadilika na hali ya hewa. Baruti iliyokauka huwaka haraka kuliko yenye unyevu, na saa saba mchana hewa si ile ya alfajiri. Kwa hiyo usiache chombo cha kupimia kikiwa wazi, wala kisikae juani juu ya buti la gari. Rudisha baruti kwenye kopo lake ukimaliza kujaza. Nina kipimajoto na kipimaunyevu cha bei ndogo mezani, na kila raundi naandika namba hizo pamoja na kipimo cha baruti na umbo la kundi. Daftari hilo lina faida kuliko kifaa chochote nilichonunua.

Umbo la kundi ndilo linalozungumza. Matundu yakijipanga kulala, kushoto na kulia, huo ni upepo na wewe mwenyewe. Yakijipanga wima na bendera za upepo zimetulia, ujazo wa risasi yako hauendani tena na mtutu. Hapo badilisha kitu kimoja tu. Mimi hubadilisha baruti, kwa sehemu tatu za kumi za greni (kipimo kidogo cha uzito wa baruti) kwa wakati. Mwingine atabadilisha kina ambacho kichwa cha risasi kinaingia gandani, kwa sehemu chache za elfu za inchi. Ukigusa vyote viwili hutajua kipi kilisaidia. Nenda mezani na vijazo viwili au vitatu tofauti, piga risasi mbilimbili kwenye shabaha ya majaribio, na kinachoweka matundu juu ya mwenzake ndicho ukipige kwenye karatasi inayohesabiwa. Haya yote yawe ndani ya kiwango cha mtengenezaji wa baruti. Bolti ikianza kuwa nzito kuinua, simama na upunguze.

Jambo moja la kujihadhari: wengi tunakaza kichwa cha risasi ndani ya mifereji. Ukitia risasi chemba, kisha ukaamua upepo si mzuri na kuitoa, ganda litatoka bila kichwa, na baruti itamwagika kwenye chemba na triga. Ukishaingiza, basi panga kuipiga. Ikibidi kuitoa, elekeza mdomo wa bunduki juu kidogo unapofungua bolti ili baruti ibaki gandani, mwambie msimamizi wa uwanja, kisha sukuma kichwa kwa fimbo kutoka mbele. Wala usiiache risasi ikae kwenye chemba yenye moto huku ukisubiri bendera. Baruti inapata joto na tundu linakwenda juu peke yake, nawe utadhani bunduki imeharibika.

Joto la mtutu lina hila nyingine: hewa moto inayopanda mbele ya darubini hufanya shabaha icheze. Funga ukanda mwepesi wa plastiki juu ya mtutu, au bomba refu mbele ya lenzi.

Upepo ni somo lake, nami nitasema moja tu. Mitutu yetu ina mifereji inayozunguka kulia, hivyo upepo wa kutoka kulia husukuma risasi kushoto na juu kidogo, wa kutoka kushoto huisukuma kulia na chini. Kundi lenye mlalo wa namna hiyo si kosa la baruti. Kabla ya kugeuza kipimo, angalia bendera.

Jioni, kama kesho mnapiga yadi 200, safisha mtutu kama kawaida na uache kitambaa kimoja chenye mafuta mepesi kimepita ndani usiku. Asubuhi pitisha vitambaa vikavu viwili, futa chemba kwa kitambaa chenye spiriti, tia grisi kwenye meno ya bolti, na uingize bolti msimamizi atakapotoa amri, si kabla.